Fenesi Juu ya Ngozi ya Ng'ombe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mara ya kwanza kuwekewa fenesi mbele yangu nilikasirika. Niliambiwa naletewa tunda. Nikategemea kitu cha kushika kwa mkono mmoja, kumbe mtu kabeba begani dude kama ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake, lina vipele mwili mzima na linanuka utamu uliopitiliza, ule wa pombe ya ndizi ikiwa siku ya tatu. Nikamwambia aliyelileta alirudishe alikolitoa.

Ilikuwa Kerende, kwenye hoteli ya shangazi yangu, na nikisema hoteli namaanisha mabati manne na mabenchi mawili. Ni miaka ile ya dhahabu, kabla mgodi mkubwa haujaja na uzio wake, wakati kila kilima kilikuwa kimetobolewa na kila mtu anayejiamini kifua alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia, au sehemu ya duara la mwenzake. Shangazi, dada yake baba, alikuwa mjane, na wachimbaji walikuwa na njaa, kwa hiyo akawapikia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza la saba zamani na kukaa tu nyumbani Kenyamonta nikikamua ng'ombe, mpaka baba alipokubali niende kumsaidia dada yake kwa muda.

Huyo aliyebeba fenesi alikuwa Mbondei wa Muheza. Alifanya kazi kwenye duara moja nyuma ya soko, kazi ya kuvuta mawe kwa kamba kutoka chini. Wateja wetu walizoea kusema lete ugali, lete maji, ongeza mboga. Yeye alisema naomba. Naomba maji, naomba chumvi, naomba na kijiko kama kipo. Mwanzoni nilimdharau, nikidhani ni mtu asiye na nguvu. Kisha nikagundua kwamba ninamwekea nyama nyingi kuliko wengine, na nikajikasirikia.

Siku hiyo ya fenesi aliomba mafuta ya kula. Akajipaka mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akapaka na kisu, akaniambia nami nijipake kabla ya kugusa. Nikamwambia mimi nimechuna mbuzi tangu nikiwa mdogo, sifundishwi kushika tunda. Nikalishika. Vidole vyangu viligandana pale pale, vikagandana na kisu, kisu kikagandana na kanga yangu, na kila nilivyozidi kuvuta ndivyo nilivyozidi kufungwa. Alicheka, lakini alicheka bila sauti, mabega tu ndiyo yalitikisika. Halafu akachukua mafuta akanisugua kidole kimoja kimoja mpaka vyote kumi vikaachana. Nadhani shauri langu liliishia hapo.

Kipande cha kwanza nilikitema. Kilikuwa cha njano, kinateleza, kinang'ang'ania meno halafu kinakimbia, na utamu wake ulinitia shaka, kwa maana kwetu kitu kitamu kiasi hicho lazima kiwe kimechachuka. Cha pili nilikimeza kwa ubishi, kwa sababu alikuwa ananitazama. Cha tatu nilikiomba mwenyewe. Mbegu zake shangazi alizichemsha kesho yake tukala kama viazi.

Miezi minne baadaye nilikuwa ninaishi kwake. Kilikuwa chumba kimoja cha tope nyuma ya mashine ya kusagia mawe, na vumbi lake lilituingia mpaka kwenye uji. Shangazi alijua, akajitia hamnazo. Nyumbani Kenyamonta walijua kwamba ninalala kwa shangazi, kitanda kimoja na watoto wake.

Baba yangu hakuwahi kukanyaga Kerende. Alipaita pale kwenye mashimo. Alikuwa mfugaji, mtu aliyeweza kumtambua ng'ombe wake kwa kikohozi tu, na aliamini kwamba watu waliotoka mbali kuja kuchimba ardhi ya wengine wanaweza kuchukua chochote. Wakati huo alikuwa na mazungumzo na familia moja ng'ambo ya mpaka, ndugu wa mke wa baba mkubwa, watu wenye zizi kubwa na kijana wa kuoa. Nilipopata habari hiyo nililia siku mbili, halafu nikamtuma shangazi.

Shangazi alikwenda akazungumza na kaka yake vizuri sana. Alisema kuna kijana wa watu, Mkristo, mwenye heshima, amemwona binti akigawa chakula na ameingiwa na nia njema. Aliapa kwamba hatujawahi kukaa pamoja hata dakika tano, kwamba kijana hajui hata sauti yangu ikoje. Uongo huo tuliutunga wawili, tukaukariri wawili. Baba akatoa jibu ambalo shangazi alinirudishia neno kwa neno. Alisema, "Aje nimwone. Lakini aje kama mtu anayeomba. Akija kama mtu aliyekwisha kuchukua, yule wa ng'ambo asisubiri tena."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa siku moja. Akipendeza, ninaolewa na mtu ninayemtaka, kwa ng'ombe na kwa baraka. Akiharibu, ninavushwa mpaka.

Nilianza kumfundisha adabu. Kila mchana baada ya kuosha vyombo nilimkalisha kwenye benchi la shangazi nikamsomesha. Amkia kwa kufuata umri, baba mkubwa kwanza. Kaa unapoonyeshwa, hata kama ni juani. Usile mbele ya mama yangu, na yeye hatatokea mbele yako, usishangae. Usiguse kisu chochote katika mji ule. Hilo nililirudia zaidi ya mengine yote, kwa sababu kwetu kisu ni cha mwenye mji, yeye ndiye anayekata na yeye ndiye anayempa mtu mwingine akate, na mchumba anayenyakua kisu amekwisha kujitangaza kuwa ng'ombe wa pale ni wake. Kisha nikamwambia lililo kubwa. Usiseme mpaka uulizwe. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi. Wazee wakikosea, hata wakimwita mbuzi kondoo, wewe tulia na utazame chini. Mtu wa kuja hawasahihishi wazee.

Akaniuliza, "Na kama nyumba inaungua?"

Nikamjibu, "Iache iungue. Watazima wenyewe."

Alicheka kile kicheko chake cha mabega. Mimi sikucheka. Nilimfanya ayarudie yote mpaka akayajua kama sala.

Fenesi halikuwa wazo langu. Mama yake, kule Muheza, aliposikia mwanawe anakwenda kuposa, alichagua moja shambani kwake, bado gumu, akampa kijana wa jirani aliyekuwa amekwenda kwao msibani na sasa anarudi machimboni. Lilisafiri kwa basi na kwa treni na kwa basi tena, likafika Kerende limeanza kuiva. Nilijaribu kupinga. Nilimwambia blanketi la baba, tumbaku ya wazee na sukari ya mama vinatosha. Akasema kwao mtu haendi kuomba mke bila kitu kutoka shamba la mama yake. Alilisema kwa upole, na mimi nikaona aibu kumkatalia mama mkwe ambaye sijamwona. Tena nilijipa moyo kwamba kwetu zawadi za mgeni zinapelekwa ndani na kufunguliwa akishaondoka. Nitakuwapo mimi jikoni, nilifikiri, nitajua la kufanya.

Mimi na shangazi tulitangulia siku mbili, tukavuka mto Mara tukafika Kenyamonta. Mchumba wangu alikuja na mshenga, mzee mmoja wa Kerende aliyekuwa akinywa chai kwetu. Walifika asubuhi jua likiwa bado dogo. Mimi na mama tulikuwa jikoni, na jiko letu lilikuwa la fito na tope, na mahali tope lilipobanduka palikuwa na upenyo wa kutosha jicho moja. Nililiweka jicho langu hapo na sikulitoa.

Alifanya vizuri mno. Shikamoo zake zilipangika. Alikaa kwenye kigoda alichoonyeshwa, juani, mikono juu ya magoti. Aliulizwa habari za kwao, akajibu kwa ufupi. Aliulizwa kama wazazi wake wapo hai, akajibu. Baba mkubwa alimwita mura, ambalo kwetu ni kijana lakini si kila kijana, na nikamwona baba akitikisa kichwa kidogo. Nilimjua baba. Alikuwa anapendezwa na hataki ijulikane. Mama naye, bila kutazama, akiwa anakoroga uji, alisema kwa kilugha kwamba sauti ya huyu mtoto haina kelele. Roho yangu ilitulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Blanketi likapokelewa, tumbaku ikapokelewa, sukari ikaletwa jikoni. Kisha mshenga akalifungua gunia.

Kuku mmoja alisogea akalitazama, akaondoka. Baba mkubwa aliuliza ni nini, mshenga akasema ni tunda la kwao, hata yeye halijui. Nilimsubiri baba aagize liletwe ndani. Baba mkubwa akawahi. Akasema miaka hii ya dhahabu watu wamekuwa wengi na mambo ya watu hayajulikani, chakula cha mtoka mbali hakiingii ndani kabla hakijakatwa mbele ya aliyekileta na kuonjwa. Lilikuwa neno la haki, kwetu ndivyo ilivyo, na mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu nyumbani hapo sikuwahi kuona mgeni wa kutoka mbali kiasi hicho.

Wakaleta ngozi ya ng'ombe, ile wanayochinjia, wakalilaza fenesi juu yake.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuzaliwa na wafugaji. Kitu kikubwa hivyo, chenye ngozi, kinachohitaji watu wawili kukigeuza, kwetu ni mnyama. Hakuna tunda la namna hiyo. Kwa hiyo walianza kuzungumza kipi ni kichwa na kipi ni mkia, kwa sababu bila kujua hivyo huwezi kugawa, na bila kugawa vizuri utagombanisha watu. Walibishana kwa heshima. Baba mkubwa alisema kikonyo ndicho mkia. Baba alisema mkia hauwi mfupi hivyo, hiyo ni shingo, kichwa wamekiacha kwao. Wakakubaliana shingo. Baba akachukua kisu chake kirefu cha kuchinjia, akakipangusa kwenye paja, kikavu kabisa, akakata shingoni.

Utomvu ukatoka. Ukatoka mweupe, mzito, matone makubwa yakifuatana, na wazee wote wakasogea.

"Linatoa maziwa," baba mkubwa akasema.

Na nyuso zao zikachangamka. Ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Kwetu maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, yale mazito, mwenye mji huyaonja kabla ya mtu yeyote, kwa kidole, na huwa ni jambo la furaha. Baba aliona maziwa katika zawadi ya mtu aliyekuja kumwomba binti yake. Alifurahi, baba yangu. Alitabasamu mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akachovya vidole viwili, akavitia mdomoni, akavilamba, akajipangusa kwenye sharubu.

Mchumba wangu aliinua uso. Nilimwona kwa lile jicho moja. Midomo yake ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka tena. Mikono ilikuwa bado juu ya magoti lakini vidole vilikuwa vimeshika suruali. Akatazama ukuta wa jiko. Hakuweza kuniona, lakini alijua nipo, na alikuwa anaomba ruhusa. Yule mtu wa naomba chumvi, naomba kijiko, alikuwa ananiomba neno moja, nami niko nyuma ya ukuta na sina njia ya kumpa. Nyumba ilikuwa inaungua naye anaiacha iungue kama nilivyomfundisha.

Mama aliniuliza wanafanya nini. Nikasema sijui. Akauliza hicho kitu kinaliwaje. Nikasema sijui, mama, nitajuaje mimi.

Nje walikuwa wameshalipasua. Kisu kilikwama katikati, baba mkubwa akakishika ili kukivuta, naye akagandana. Walizivuta zile nyuzi nyeupe za pembeni, makapi ambayo mtu wa Muheza huwatupia mbuzi, wakidhani ndiyo minofu, kwa sababu vile vipande vya njano vilifanana na mafuta mabaya ya mnyama mgonjwa. Wakatafuna makapi. Mzee mmoja akatema. Mwingine akawa anatazama viganja vyake kama si vyake. Na baba, ambaye neno lake moja lilitosha kunyamazisha baraza, alitaka kusema kitu na mdomo haukufunguka. Sharubu zilikuwa zimeshikamana na mdomo wa chini. Alivuta kwa vidole, vidole vikabaki hapo hapo. Watoto waliokuwa kwenye uzio wakaanza kucheka.

Kwa upande wa mdomo uliokuwa wazi baba alisema, "Huu ni ulimbo." Kila mtu alisikia. Ulimbo tunaujua, watoto wetu wanautega kwenye matawi wanase ndege. Akamtazama mgeni. "Umeniletea ulimbo nyumbani kwangu. Ndege ni nani hapa?"

Lilikuwa swali, na mchumba wangu aliruhusiwa kujibu swali, lakini nadhani hakujua jibu fupi la swali kama hilo. Alitazama chini. Baba akavuta tena kwa nguvu, na ngozi ya mdomo ikachanika, tone la damu likashuka kwenye kidevu.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kukaa. Wenye akili nyingi kuliko mimi wangekaa. Lakini yule alikuwa baba yangu, anatoka damu mbele ya watoto wanaocheka, na dawa yake ilikuwa juu ya kichanja, sentimita chache kutoka kichwani mwangu. Nikachukua kibuyu cha samli. Mama alinishika kanga. Alisema, "Kaa." Nikajivua kutoka mkononi mwake nikatoka.

Binti anayeposwa hatokei mpaka aitwe. Nilipita katikati ya wazee sikumwamkia mtu, nikapiga magoti mbele ya baba, nikajipaka samli mikononi mpaka viwikoni, nikaanza kumsugua. Vidole kwanza, kimoja kimoja. Kisha sharubu, taratibu, kutoka mwisho wa unywele kuja kwenye mzizi, mpaka mdomo ukaachia. Nikageuka nikapaka kisu. Nikambandua baba mkubwa. Halafu, na hili ndilo sijisamehe, mikono ikaendelea yenyewe. Nikalipasua lile fenesi kwa urefu, nikatoa moyo wa katikati, nikapindua ganda, nikachopoa kile cha njano, nikakibana mbegu ikatoka, nikamwekea baba kwenye kiganja. Nilifanya kwa haraka na kwa ustadi. Nilifanya kama mtu aliyefanya mara nyingi.

Baba akala. Alitafuna polepole, akameza.

"Ni tamu," akasema.

Akatazama mikono yangu. Ilikuwa inang'aa samli mpaka viwikoni. Akaitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama uso wangu.

"Mikono hii imelijulia wapi?"

Shangazi alikuwa amekaa na wanawake chini ya ukuta. Aligeukia zizi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Ningeweza kusema nililiona sokoni. Ningeweza kusema shangazi alinifundisha. Jinsi nilivyozidi kukaa kimya ndivyo alivyozidi kuelewa. Niliona anavyoelewa. Aliielewa Kerende yote, chumba na kitanda, na kile kiapo cha dada yake.

Akamgeukia mchumba wangu. "Na wewe ulijua. Ukakaa ukaniangalia."

Halikuwa swali, kwa hiyo hakujibu.

Baba akainuka kwa kujishika magotini. Akaniambia bila kupaza sauti, kama mtu anayeagiza maji, "Mpe na mumeo ale. Huyu hakuja kuomba."

Akaingia ndani. Wazee wakaondoka mmoja mmoja wakishika mikono yao mbali na nguo. Tulirudi Kerende siku hiyo hiyo, sisi wanne kwenye gari la mizigo. Nilikuwa nimempata niliyemtaka. Sijawahi kupata kitu nikajisikia nimenyang'anywa namna ile.

Yule wa ng'ambo ya mpaka alioa kwingine. Baba hakunifukuza, ningependa mtu asidhani hivyo. Nilikwenda nyumbani nikapokewa, watoto wangu walibebwa. Mgodi mkubwa ulipokuja na uzio wake, maduara yakafukiwa, mume wangu na mimi tulihamia Busawe tukaweka mashine ya kusaga unga, ili niwe karibu. Lakini ng'ombe baba hakupokea. Mume wangu aliwapeleka mara tatu, wazuri, nami nikijua amejinyima nini, na mara tatu baba alimwambia mchungaji awarudishe. Alisema ng'ombe ni wa binti aliyeombwa. Mume wangu akifika pale alipewa kiti na chai, kama anavyopewa mpita njia. Hakuitwa mkwe. Aliitwa mgeni wa Kerende, mbele ya wanawe mwenyewe. Nami nilikuwa mwanamke mwenye watoto wanne ambaye kwa hesabu ya kwao hajaolewa. Hasira zangu zote hazikunisaidia kitu. Nilizipeleka wapi? Kwa baba aliyedanganywa, au kwa mume aliyenitii?

Mwaka wa tisa mdogo wangu wa kiume alioa, na baba alichinjisha fahali. Baba alikuwa ameshachoka, mikono inatetemeka. Tulikuwa jikoni, mama na mimi, jiko lile lile, na tope lilikuwa limebanduka zaidi. Fahali alishachunwa, yuko juu ya ngozi, na watu wanasubiri mwenye mji akate. Nikamwona baba akishika kisu chake kirefu. Akakitazama. Kisha akazunguka lile duara la watu, akapita kwa baba mkubwa, akapita kwa wanawe, akasimama mbele ya mume wangu, akampa.

"Kata," akasema.

Nilianza kulia kabla sijajua kwa nini. Halafu machozi yakakauka, kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama juu ya ile nyama na kisu mkononi, hajui aanzie wapi. Angejuaje? Mtoto wa Muheza, wa minazi na machungwa. Mguu upi ni wa wajomba, mbavu zipi za wazee, kipi hakipewi mwanamke, kipi ukimkosea mtu hasahau mpaka kaburini. Mimi nilijua vyote. Nilivijua tangu nikiwa na miaka saba. Na mwanamke hasogei kwenye ngozi wakati wa kugawa, samli au hakuna samli. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mume wangu akatazama ukuta wa jiko.

Baba alimwacha asimame hivyo. Sikuweza kujua kama anamheshimu au anamlipiza, na kwa kweli mpaka leo sijui. Kisha akasogea na fimbo yake, akagusa nyama kwa ncha.

"Anzia hapa, mura," akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Huu ni wa wajomba. Hizi ni za wazee. Polepole, hakuna anayekukimbiza."

Akamfundisha kipande kwa kipande mpaka mwisho. Mume wangu alikata kila alipoonyeshwa. Walipomaliza, baba akaegemea fimbo yake, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu na upenyo nikasikia.

"Unaona? Ni kusema tu. Siku ile ungesema."

Miaka tisa. Ndilo lililokuwa linamkaa rohoni, kwamba mtu alimwona anaaibika, anajua dawa, akanyamaza. Nami nilidhani ni chumba cha Kerende.

Nilimsubiri mume wangu aseme. Ilikuwa haki yake kusema, binti yako alinikataza, binti yako alinifunga mdomo kwa mikono yake, muulize. Alikipangusa kisu kwenye majani, akakigeuza mpini mbele, akakirudisha kwa baba kwa mikono miwili.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nilikosa."

Nilijiinua. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, maneno yako mdomoni, mama akanishika kanga kama siku ile, akasema, "Kaa."

Safari hii nilikaa. Ng'ombe walipokelewa mwezi uliofuata, na baba alifariki masika ya mwaka huo huo, na hakuna aliyemwambia.